Pedi ya gemu ya zamani ikifa Mtwara au Lindi: utengeneze, ununue au uunde mwenyewe?

Kwenye mashine za gemu za zamani, pedi ndiyo hutangulia kufa. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000 na uzalishaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013, lakini mpaka leo utaikuta inawaka kwenye vibanda vya mitaani, watoto wamejazana kwenye benchi wakisubiri zamu. Mashine imevumilia vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika. Pedi ndizo majeruhi: moja haikimbizi mchezaji, nyingine inamvuta kushoto yenyewe, ya tatu imefungwa raba shingoni ili waya ukae mkao mmoja usipoteze mawasiliano.

Mwenye pedi za namna hiyo ana njia tano: kuitengeneza ileile, kununua mpya ya kuiga, kutafuta ya asili iliyotumika, kuunganisha pedi ya kisasa kwa adapta au programu, au kuunda mpya kwa mikono. Nitazilinganisha nikiwa na upande wangu, na nautaja mapema. Huku kusini, pedi ya asili iliyochakaa ina thamani kuliko mpya ya bei ya kutupa, mradi plagi na bodi yake ni nzima. Mpira wa chini ya vitufe unabadilishwa, waya unaungwa, analogi (zile fimbo mbili za vidole gumba) inasafishwa, na kazi hizo anaziweza fundi yeyote wa redio wa Masasi au Nachingwea. Plagi ya PlayStation na bodi ya pedi hakuna wa kukutengenezea, si Mtwara wala Dar es Salaam. Basi kila ninapopima njia hizi nauliza kwanza: inatunza kile kisichotengenezeka, au inakitupa?

Hakikisha mgonjwa ni pedi

Chomeka pedi kwenye tundu la pili, kisha kwenye mashine nyingine. Pedi ikifanya kazi kwa jirani, usinunue chochote. Ndani ya PlayStation kuna fyuzi ndogondogo zinazolinda umeme unaokwenda kwenye matundu ya pedi, na waya wa pedi ukigusana ndani unaweza kuikata mojawapo. Hapo hata ukileta pedi mpya kabisa haitawaka, kwa sababu ugonjwa uko kwenye bodi ya mashine.

Kwa wanaokaa karibu na maji, Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, kuna jambo lingine la kutazama kabla ya yote. Hewa ya bahari hupandisha kutu ya kijani kwenye pini za plagi na kwenye matundu ya mashine. Mswaki mkavu, kisha mswaki uliochovywa spiriti ya duka la dawa, kisha uache vikauke vizuri kabla ya kuwasha. Pedi nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa zinafufukia hapo.

PlayStation 2: kutengeneza ya asili au kununua ya kuiga

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo tofauti ni kubwa, kwa hiyo nitakaa.

Pedi ya asili ya mashine hii ni DualShock 2. Ukiifungua utaona haifanani na pedi za kawaida. Vitufe havigongi moja kwa moja kwenye bodi. Chini ya mipira ya vitufe kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye mistari ya kaboni, na mkia wa karatasi hiyo unabanwa juu ya bodi na kipande kidogo cha sponji. Miaka ikipita sponji hiyo hulala. Mkia unalegea, na dalili zake zinatisha kuliko ugonjwa wenyewe: mishale yote inagoma kwa pamoja, au vitufe vinajibonyeza vyenyewe, au pedi inafanya kazi ukiikandamiza katikati na kuacha ukiiachia. Mteja anaona imekufa. Dawa yake ni kuongeza unene kidogo chini ya sponji, kwa utepe wa umeme uliokunjwa mara mbili au tatu, au kipande chembamba cha mpira wa ndala. Usizidishe, maana unene mwingi unapinda bodi na kuchana karatasi. Kazi hii haihitaji hata kulehemu. Ninaitaja kwa kirefu kwa sababu pedi za asili zinatupwa kwa ajili ya kitu hiki kimoja, na ikishatupwa haibadilishwi na nyingine ya ubora uleule.

Ugonjwa wa pili ni mipira. Kwenye soka, ambayo ndiyo inalisha vibanda vyote ninavyovijua, R1 ndiyo ya kukimbia na X ndiyo ya pasi, kwa hiyo hizo ndizo huchanika kwanza, zikifuatwa na mraba wa kupigia. Mpira uliochanika hauungiki kwa gundi. Unabadilishwa kwa wa pedi iliyokufa, na ndiyo maana fundi mwenye akili hatupi mzoga wa pedi.

Wa tatu ni analogi kujivuta. Kila fimbo ya analogi imekalia vidhibiti viwili vidogo, vya asili moja na volyumu ya redio: kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Vumbi likiingia au kaboni ikichimbika, mashine inasoma kwamba fimbo imesukumwa wakati hakuna mkono juu yake. Ile dawa ya kupuliza ambayo mafundi redio wanasafishia volyumu inafaa hapa pia. Pulizia kidogo pembeni ya kidhibiti, zungusha fimbo mara nyingi, acha ikauke. Ikirudia, analogi nzima inabadilishwa, na hiyo ni kazi ya kulehemu kweli, kwani ina miguu 14 ya kung'oa bila kubandua njia za shaba. Kabla ya kununua nyingine, linganisha mpangilio wa miguu na ile ya zamani.

Wa nne ni waya kukatikia shingoni. Huo ni mwepesi kuliko yote ikiwa una mita ya umeme: tafuta uzi usiopitisha, kata sehemu mbovu, lehemu upya.

Sasa weka hayo kando ya pedi mpya ya kuiga. Faida zake ni za kweli. Inapatikana bila kuagiza mbali, ndiyo nafuu kuliko zote, na waya wake ni mpya. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, fedha inapozunguka Tandahimba na Newala, mwenye kibanda hawezi kukaa wiki nzima na pedi moja akisubiri fundi. Kwa siku hizo, ya kuiga inamwokoa.

Mapungufu yake yapo ndani. Chipu yake aghalabu ni tone jeusi la gundi juu ya bodi, na likifa halitengenezeki. Mishale mingi ya kuiga inabonyea upande wa pili bila kutaka, kiasi kwamba ukibonyeza juu, mchezaji wa kwenye kioo anakwenda juu-kulia. Analogi zake zina eneo pana katikati ambalo mashine haioni kitu, halafu ghafla inaona kila kitu. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: DualShock 2 hupima nguvu ya kidole, si kubonyeza tu. Kwenye Gran Turismo 4 ukibonyeza X polepole gari linaongeza mwendo polepole. Kwenye Metal Gear Solid 2 ukiachia mraba taratibu mhusika anashusha bunduki bila kufyatua. Pedi nyingi za kuiga zinajua mambo mawili tu, umebonyeza au hujabonyeza. Ukitaka kujua pedi uliyouziwa kama ya asili ni ya asili kweli, hizo gemu mbili zinaumbua.

Lakini tuwe wakweli kwa mwenye kibanda cha soka. Kwenye Pro Evolution Soccer nguvu ya shuti hutokana na muda ulioshikilia kitufe, si uzito wa kidole, kwa hiyo upungufu huo wa kuiga haumgusi. Kinachomgusa ni mishale na uimara. Ushauri wangu kwake: pedi ya kuiga iwe ya akiba, na siku ikifa usiitupe. Waya wake na plagi yake vinaweza kuhamishiwa kwenye bodi ya asili ambayo waya wake umekwisha. Huo ndio ununuzi wenye faida maradufu.

Ukifanya uhamisho huo, usiziamini rangi. Kwenye waya za asili rangi nyeusi ndiyo hasi, nyekundu ndiyo inayolisha chipu, kijivu ndiyo ya mota za kutetemesha, kahawia na chungwa hubeba mazungumzo, njano humwita pedi, bluu hutoa mapigo, na kijani hurudisha jibu. Viwanda vya kuiga havina sheria hiyo. Pima kila uzi kutoka pini ya plagi hadi ncha yake kwa mita, uandike kwenye karatasi, ndipo uwashe pasi ya kulehemu. Waya wa mota una zaidi ya volti 7, na wa kulisha chipu una volti 3 na ushee. Ukivibadilisha hivyo viwili umeua bodi ya asili ambayo ulikuwa unaiokoa.

Ya asili iliyotumika

Kwa anayecheza nyumbani na anayependa mashine zake, hii ndiyo njia ninayoipenda baada ya kutengeneza. Zinapatikana zaidi Dar es Salaam, Kariakoo na kwa wauza vifaa vilivyotumika, kisha zinakuja kusini kwa basi kama mzigo. Mpigie muuzaji na useme unachotaka bila haya: "Kaka, naomba picha ya plagi, picha ya lebo ya nyuma, na video fupi ikiwa imechomekwa kwenye mashine, ukizungusha analogi zote mbili." Muuzaji wa kweli atatuma. Anayesema "wewe lipia tu, ni nzima" muage kwa heshima.

Kwenye lebo, DualShock 2 huandikwa SCPH-10010. DualShock ya PlayStation ya kwanza ni SCPH-1200, na ile ya mwanzo kabisa isiyo na analogi, kwa soko la nje ya Japani, ni SCPH-1080. Zote zina plagi moja, na pedi za mashine ya kwanza hufanya kazi kwenye ya pili kwa gemu nyingi, isipokuwa zile zinazodai analogi au nguvu ya kidole. Lebo huigwa pia, kwa hiyo isikutoshe yenyewe. Video ndiyo ushahidi.

Ubaya wa njia hii ni umbali. Lindi na Mtwara tunategemea barabara moja ya pwani kwa mizigo ya Dar, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata upande wa Somanga, mabasi hayakupita. Mwenye biashara asiagize siku ambayo pedi ya mwisho imeshakufa. Aagize wakati mbili bado zinafanya kazi.

Pedi ya kisasa kwenye mashine ya zamani

Hapa pana mtego mmoja niuseme kwanza. Ziko pedi za kompyuta zenye umbo lilelile la pedi ya PlayStation 2, ila mwisho wa waya kuna USB. Wapo wanaozikata waya na kufunga plagi ya PlayStation. Haitafanya kazi kamwe. Chipu ya ndani inaongea lugha ya USB, na tundu la pedi la PlayStation linaongea lugha nyingine kabisa.

Njia halali ziko mbili. Ya kwanza ni ya programu. Wanaocheza kwa Open PS2 Loader, programu ya kufungulia gemu bila diski, wana kipengele ndani yake kinachoitwa PADEMU, kinachoruhusu DualShock 3 au DualShock 4, yaani pedi za PlayStation 3 na 4, kufanya kazi kupitia matundu ya USB ya mashine yenyewe, kwa waya au kwa kidude cha Bluetooth. Haina gharama ya adapta. Mipaka yake ni kwamba inafanya kazi kwa gemu zilizofunguliwa kupitia programu hiyo tu, si kila gemu inakubali, na matundu ni mawili. Kama flashi yenye gemu imekalia moja, umebakiwa na moja, kwa hiyo wachezaji wawili wa waya watahitaji kigawanyio. Kwa mtu wa nyumbani aliye na pedi ya PlayStation 4 droo moja na mashine ya zamani, hii ndiyo ya kujaribu leo usiku kabla ya kutoa hata shilingi.

Ya pili ni BlueRetro, programu huria inayowekwa kwenye bodi ndogo ya ESP32, kisha bodi inaunganishwa na tundu la pedi la mashine. Inatafsiri pedi za Bluetooth kwenda PlayStation, Mega Drive, Super Nintendo, Nintendo 64 na nyingine nyingi. Ukinunua bodi angalia jina lake kwa makini: inatakiwa ESP32 ile ya mwanzo. Zenye herufi S2, S3 au C3 hazina Bluetooth ya zamani ambayo pedi hizi zinaitumia, na muuzaji anaweza asijue tofauti. Ni njia nzuri kwa mwenye mashine za aina mbalimbali. Kwa kibanda siipendekezi. Pedi zisizo na waya zinataka chaji kila siku, na pedi isiyofungwa kwa waya haikai kibandani muda mrefu.

Mashine za kaseti: hapa kuunda kunashinda

Zile mashine ndogo za kaseti za rangi ambazo watu wa rika langu walizikuta kwa wajomba zao ni nakala za Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983. Famicom yenyewe pedi zake zilifungwa moja kwa moja kwenye mashine, hazichomoki. Dada yake wa Marekani, NES, ana plagi ya pini saba. Nakala zetu nyingi zina plagi ya pini tisa, na baadhi ya zile kongwe zina pini 15.

Plagi ya pini tisa inaingia vizuri kabisa kwenye tundu la Sega Mega Drive, na ya Sega inaingia kwenye nakala. Umbo ni moja, mpangilio wa nyaya ni tofauti. Mtu anaponunua pedi ya pini tisa bila kuuliza ni ya mashine gani, anacheza bahati nasibu na mashine yake.

Pedi za kuiga za mashine hizi ni rahisi kununua ukizipata, lakini ni dhaifu na hudumu kidogo. Hapa njia ya kuunda ndiyo bora, kwa sababu lugha ya Famicom ni nyepesi mno. Mashine hutuma ishara moja ya kusema "shika hali ya vitufe". Chipu ndani ya pedi hupiga picha ya vitufe vyote vinane kwa mpigo, kisha kwa kila pigo la saa inatoa jibu la kitufe kimoja, kwa foleni isiyobadilika: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Waya tano zinatosha: volti 5, hasi, ishara ya kushika, mapigo, na jibu.

Chipu inayofanya kazi hiyo inaitwa 4021. Ni ya miguu 16, ni ya bei ndogo, bado inatengenezwa, na inaweza kuja kwa bahasha. Ndiyo iliyotumiwa kwenye pedi za NES zenyewe. Kwa hiyo pedi ya kuiga ambayo tone lake jeusi limekufa haijafa yote. Kasha lipo, mipira ipo, njia za shaba chini ya vitufe zipo, waya upo. Kata njia zinazokwenda kwenye tone, kwaruza rangi ya kijani juu ya shaba ya kila kitufe, na uvute nyaya nyembamba hadi kwenye 4021.

Miguu inakwenda hivi. A unakwenda mguu wa 1, B wa 15, Select wa 14, Start wa 13, juu wa 4, chini wa 5, kushoto wa 6, kulia wa 7. Ishara ya kushika ni mguu wa 9, mapigo ni wa 10, jibu linatoka mguu wa 3. Mguu wa 16 ni volti 5, wa 8 ni hasi, na wa 11 ufunge kwenye hasi usiachwe ukining'inia. Kila kitufe kati ya vinane kiwekewe rezista ya kiloomu 10 kutoka mguu wake hadi volti 5, na upande wa pili wa kitufe uende hasi. Bila rezista hizo vitufe vitajibonyeza vyenyewe, na utalaumu chipu bure.

Kujua ni pini ipi ya plagi inabeba nini, usitegemee mchoro uliokutwa mahali, kwani viwanda vya nakala vilikuwa vingi. Fungua pedi nyingine nzima ya mashine ileile ufuate nyaya zake, au fungua mashine ufuate njia kutoka kwenye tundu. Mwanafunzi wa umeme wa VETA ataimaliza kazi hii, na atakuwa ameelewa namna chipu inavyoongea na mashine kwa kuishika mkononi. Kwa hilo peke yake ninaipendekeza hata pale ambapo ya kuiga ingekuwa nafuu kidogo.

Uzuri mwingine: ikishaundwa hivyo, kila kipande kinabadilishika.

Sega na Atari kwa kifupi

Atari 2600 ya 1977 ndiyo rahisi kuliko zote. Joistiki yake haina chipu. Ni swichi tano tu zinazogusisha waya kwenye hasi: pini ya 1 juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, 6 kufyatua, na 8 ndiyo hasi. Plagi yake utaipata kwenye nyaya za siriali za kompyuta kuukuu za maofisini, ila pima kwanza, maana baadhi ya nyaya hizo hazikuunganishwa pini zote.

Sega Mega Drive imeongeza chipu moja, 74HC157, inayowezesha vitufe vingi kupita kwenye pini chache kwa kupokezana. Inaundika, lakini kwa mashine hii bado kuna viwanda vinavyotengeneza pedi mpya nzuri. Retro-Bit huuza zenye leseni ya Sega, na 8BitDo wana M30 ya vitufe sita. Kama unaweza kuagiza, agiza. Hapa kuunda ni kwa anayependa kazi yenyewe.

Sanduku la mbao kwa gemu za kupigana

Kwa soka usihangaike nalo. Kwa Tekken ni jambo lingine: fimbo kubwa na vitufe vya kupiga kwa kiganja hustahimili vipigo ambavyo vinaua pedi ndani ya miezi. Na hapa kusini tuna kitu ambacho wengine hawana, nacho ni mafundi wa mbao.

Ndani yake unahitaji bodi ya pedi inayoongea na mashine. Usitoe kafara DualShock 2, kwa sababu ile karatasi yake ya kupima nguvu inafanya kuunganisha nyaya kuwa shida kubwa. Tafuta pedi ya zamani isiyo na analogi ya PlayStation ya kwanza, au ya kuiga yenye bodi ya kawaida, na upime kwa mita kama vitufe vyote vina hasi moja ya pamoja. Vikiwa hivyo, waya mmoja wa hasi unazunguka vitufe vyote na kazi inapungua nusu.

Vitufe vya kawaida ni vya milimita 30. Vya Kijapani vya Sanwa ni bora, vya Kichina ni nafuu na vinatosha kuanzia. Tofauti ya maana kwetu ni namna vinavyofungwa. Vya kubana kwa meno vimekusudiwa bati au plastiki nyembamba, havishiki kwenye ubao. Kwa mbao agiza vya kukaza kwa nati, na umwambie seremala apunguze unene wa ubao kwa chini pale vitufe vinapokaa. Mninga unafaa, maana haupindi ovyo na unapigika keekee bila kupasuka. Plaiwudi nzuri inafaa pia na ni nyepesi magotini.

Kichwa cha fimbo ni tufe la milimita 35 lenye tundu la skrubu ya M6. Mchonga vinyago wa Kimakonde anaweza kukutolea tufe hilo kwa mpingo, mti uleule unaokwenda Ulaya kutengenezewa klarineti, na likisuguliwa vizuri hakuna plastiki ya kiwandani inayolikaribia mkononi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo fimbo hurudi katikati kwa uvivu kidogo. Omba springi ngumu zaidi, au mwambie achimbe ndani kuupunguza uzito. Mlipe bei ya kazi ya sanaa, kwa sababu ndiyo hiyo.

Bastola ya bata

Wanaotafuta mbadala wa bastola ya mashine za kaseti, ile ya kuwinda bata, waache kununua kwanza waangalie TV yao. Bastola hiyo haitumi kitu kwenye kioo. Inasoma mwanga wa kioo, tena kwa wakati kamili ambao TV ya chogo inauchora. Ukifyatua, gemu huzima picha na kuweka mraba mweupe palipo na bata kwa kufumba na kufumbua, na bastola huuliza kama inauona. TV bapa inachelewesha picha, na mwanga wake haupepesi kwa namna ambayo bastola inaitambua. Matokeo ni kwamba bastola nzima kabisa, ya asili au ya kuiga, haipigi bata hata mmoja, na fundi ataifungua bila kuona kosa. Kama kwenu bado ipo TV ya chogo inayowaka, ijaribie hapo kabla hujaagiza bastola nyingine.